Wembe wa Bwana Harusi

Wiki hii mmenitumia ujumbe mwingi kuliko wiki zote, na wengi mnauliza jambo moja: Wasfi, kwa nini hukumwambia Rudaina ukweli mapema? Ningekuwa na jibu zuri ningelitoa. Sina. Niliogopa, basi.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni mtu wa kijiji kimoja karibu na Irbid. Utotoni niliugua homa iliyoanzia kooni ikateremka moyoni, ikaharibu kilango kimoja cha moyo. Madaktari wakanipasua kifua, wakanitilia kilango cha chuma. Kinafunguka na kufungika mpaka leo, na kila kikifungika kinasema tik. Ukikaa nami kwenye chumba kimya utakisikia. Msikitini, watu wakisujudu, jirani yangu huanza kutafuta saa.

Ndiyo maana nilinunua saa kubwa ya mkononi, yenye kelele, ili niwe na wa kumsingizia.

Sasa chuma hicho kina masharti. Damu ikikutana nacho hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo kila siku nameza kidonge cha kuizuia isigande. Kidonge kinaniweka hai, halafu kinanitesa. Nikijikwaruza, damu haikatiki. Nikigonga meza, paja linakuwa la zambarau. Mpira niliacha. Kazi ya kuchonga mawe mliona nilivyoipoteza. Mswaki wangu ni wa watoto wadogo. Hata majani ya khubeza, ambayo baada ya mvua kijiji kizima kinayala mpaka yanawachosha, mimi napimiwa kwa kijiko, maana mboga za majani zinaivunja nguvu ile dawa.

Na watu wa Rudaina, msichana niliyemposa, niliwaambia mimi mzima kabisa.

Kipimo cha damu cha ndoa nilikipita. Kipimo kile hutazama damu tu, hakisikilizi moyo. Baba yake aliwahi kumrudisha mposaji kwa sababu ya kifafa, na wakati huo mimi msichana alishaniingia moyoni, huo huo moyo mbovu. Nikafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, nikanyamaza. Ndoa ikaandikwa. Ikabaki siku ya kumchukua bibi harusi.

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa nimesahau wembe.

Kwetu bwana harusi hajinyoi mwenyewe. Anawekwa kwenye kiti katikati ya uwanja wa nyumba, kinyozi anamnyoa mbele ya kaumu, vijana wanamzunguka wakiimba na kupiga makofi. Na kila kijana ambaye hajaoa anakuja na pini. Ukimchoma bwana harusi, wanasema, zamu yako iko njiani.

Sasa niambieni nyinyi. Mtu ambaye damu yake haikatiki anakaa vipi kwenye kiti hicho?

Nilimwendea mama siku chache kabla, akiwa anakausha vyombo.

"Mama, hii shughuli ya kunyoa tuiache."

"Tuiache? Mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu baba yako anyolewe chooni kama mwizi?"

"Nitavuja damu mbele za watu, mama. Mbele ya watu wa Rudaina wakija."

"Hutavuja."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Fungua mdomo, baba."

Akanitia tende.

Hii tende lazima niwaeleze, na anayetaka kucheka acheke. Nilipotoka hospitali nikiwa mtoto, kidonge nilikuwa nakitema. Mama akabuni njia: anatoa kokwa ya tende, anaweka kidonge mahali pake, ananitia mdomoni. Nimekua, nimeota ndevu, nina mke wa kisheria, na bado kila magharibi mama ananilisha tende yake. Simpi nafasi ya kuniuliza kama nimekumbuka dawa, yeye hanipi nafasi ya kusahau. Naimeza karibu nzima. Sitafuni hata.

Nikameza. Nikaondoka na hofu yangu.

Nikajaribu kwa binamu yangu Kutaiba, kiongozi wa wahuni wote wa ukoo, ambaye ndiye angeendesha gari la maharusi.

"Kutaiba, ndugu yangu, nakuomba. Wazuie vijana na pini."

"Pini ndiyo harusi yenyewe, bwana. Umesahau ulivyonifanya mimi? Nilikalia mto laini wiki nzima."

"Nina ngozi laini."

"Itakomaa siku hiyo."

Kijijini kwetu wote wanajua niliwahi kupasuliwa. Lakini kwao hayo yalikwisha zamani. Waliniona nimepona, wakasahau. Habari ya kidonge tuliijua mama na mimi, na daktari.

Nikabakiwa na kinyozi, Abu Khaldun. Huyu ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unaisikia kwa mwuza mkate. Kwa hiyo nilimzungukia.

"Abu Khaldun, siku hizi kuna mashine nzuri za umeme. Zinanyoa vizuri, bila usumbufu."

Akaendelea kunoa wembe wake.

"Mashine ni ya kunyolea kondoo," akasema.

Siku ikafika. Nikakalishwa kwenye kiti, taulo jeupe shingoni, povu mpaka masikioni. Vijana wakaanza kuimba. Sufuria za mansaf zilikuwa zinachemka nyuma ya nyumba, na harufu ya mtindi na nyama ilijaa uwanja mzima. Wanawake wamejaa dirishani. Mimi mikono yangu imeshika kiti kama niko juu ya mti.

Abu Khaldun akaanza shavu la kulia. Mkono wake mwepesi, sikatai. Nikaanza kupata matumaini. Pini mbili tatu nilizihisi begani, lakini zilikutana na koti nililokataa kuvua.

Hapo geti likafunguliwa, akaingia Mashhur.

Mashhur ni kaka mkubwa wa Rudaina. Ni mtu wa kifua kipana na maneno machache, na mashavu yake hayajui kucheka mpaka uyaombe. Hakutarajiwa. Watu wa bibi harusi hutusubiri kwao. Lakini alikuwa ametumwa na baba yake alete kichupa cha manukato na salamu, na vijana hawangemwachia aondoke. Wakamvutia kiti, wakamkalisha mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane.

Akainama kunibusu mashavu, akakuta povu, akaishia kuniegemezea kichwa begani.

Akatulia hapo kidogo.

"Shemeji, saa yako hii inapiga kelele hasa."

"Ya marehemu baba," nikasema.

"Mungu amrehemu. Ipeleke kwa fundi."

Uongo mwingine huo, na saa nimeinunua Irbid juzijuzi.

Abu Khaldun akanyanyua kidevu changu, akaweka wembe chini ya taya. Nikaona anga tupu na ncha ya pua yake. Nikasikia Kutaiba nyuma yangu anasema, "Hii ni ya ule mto wangu," nikahisi pini imeingia, na si begani.

Nikaruka.

Wembe haukuruka nami.

Wimbo ukakatika. Nikaona kwa jicho la pembeni taulo jeupe likishika wekundu. Dirishani mwanamke mmoja akasema, "Mama yangu." Mashhur akasimama.

"Si kitu, si kitu," Abu Khaldun anasema, naye uso umempauka. "Leteni shabu. Kutaiba, leo nitakunyoa wewe masikio."

Akanikandamiza lile jiwe la shabu kwenye jeraha. Likaniunguza mpaka machozi yakanitoka. Nikafumba macho, nikasubiri. Mara ya mwisho kujikata hapo hapo, na kilikuwa kijikato cha kucheka, nilishinda nimeshika kitambaa mpaka nikapelekwa kliniki wakanifunga. Hiki cha leo kilikuwa kirefu. Nikajua yamekwisha. Damu itatoka, itaendelea kutoka, Mashhur atauliza huyu ana nini, mtu mwenye mdomo mrefu atamjibu, na Rudaina atabaki kwao.

Nikawaza hata maneno ya kumwomba radhi.

Abu Khaldun akaondoa shabu. Akafuta kwa kitambaa. Akafuta tena.

"Imekata," akasema.

"Nini?"

"Damu. Imekata. Nilikwambia si kitu."

Nikapeleka kidole. Pakavu. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, Kutaiba akanibusu kichwa, makofi yakarudi na wimbo ukaanzia pale ulipokatikia. Mashhur akakaa, akaniambia, "Una damu nzuri, shemeji."

Nilifurahi, sitawadanganya. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa.

Halafu nikapagusa tena: bado pakavu.

Damu yangu haijawahi kukatika hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Si kwa shabu, si kwa kahawa ya unga, si kwa dua ya bibi. Daktari wangu, Daktari Lubna, amenieleza mara nyingi: siku utakayojikata na damu ikakatika haraka kama ya watu wengine, usishangilie, nipigie. Maana damu inayoganda vizuri kwenye shavu, inaganda vizuri na kule kwenye chuma.

Abu Khaldun alipomaliza kuninyoa, nikasema naenda kubadilisha nguo. Nikapitia nyuma, kwenye masufuria. Mama alikuwa anakoroga mtindi kwa mwiko mrefu, uso umemwiva kwa mvuke, na anatabasamu.

"Umeona?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilikwambia hutavuja."

"Mama. Umenifanya nini?"

"Nimekuoza."

"Mama."

Akaacha kukoroga. Akatazama kama kuna mtu karibu.

"Zile tende," akasema. "Zilikuwa tupu."

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa wazee walipokuja kupanga msafara wa kumchukua bibi harusi. Nilikuwa sipati usingizi nikiufikiria huo wembe. Nikasema, mwanangu atakauka damu kama kondoo wa Idi mbele ya watu. Nikakupumzisha kidogo tu."

Ijumaa ile ilikuwa ya wiki iliyopita, si hii. Nikashika ukuta.

"Nani alikwambia unaweza kuiacha?"

"Daktari wako mwenyewe! Si alikuachisha ulipong'oa jino? Sasa jino na harusi, kipi kikubwa?"

"Aliniachisha akanipa sindano badala yake, mama. Asubuhi na jioni. Tumbo lilijaa alama, hukumbuki?"

Nikamwona anakumbuka. Mwiko ukamponyoka ukaingia kwenye mtindi, na hakuutafuta.

"Sindano ningeitoa wapi mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

Nilitaka kumpigia kelele. Nimeshawahi kuona watu wanawapigia mama zao kelele. Lakini mwanamke huyu alinibeba mgongoni kwenda kupimwa damu, akapigana na mwalimu wangu wa mazoezi, akapima khubeza yangu kwa kijiko miaka yote huku yeye mwenyewe haili ili nisitamani. Akaogopa wembe. Angejuaje?

Nikavua ile saa, nikaitia mfukoni, nikaweka kiganja kifuani. Uwanjani wanaimba, sufuria inachemka. Nikashindwa kusikia.

"Hebu," mama akasema.

Akanifungua vifungo, akaweka sikio juu ya lile kovu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinilaza nilipokuwa mdogo. Usiku wangu aliusikiliza wote. Anaijua ile sauti kuliko mimi. Nikamtazama kisogo chake, nikangoja aniambie kelele ni ile ile.

Akainua uso. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Mbona iko mbali?" akaniuliza.

Nikampigia Daktari Lubna nikiwa nimejifungia stoo, kati ya magunia ya mchele. Nikamweleza. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Unapumua vizuri?"

"Nikipanda ngazi nachoka. Nilidhani ni harusi."

"Tangu lini?"

"Juzi. Jana."

"Njoo sasa hivi. Usiendeshe mwenyewe."

"Daktari, leo naoa. Msafara unatoka sasa."

"Wasfi, nisikilize. Inawezekana damu imeanza kuganda kwenye kilango. Kilango kinaweza kukwama. Na hata kisipokwama, donge likibanduka linapanda kichwani, na likishafika hapo unaweza usiweze hata kunipigia simu. Unanielewa? Oa kesho. Oa keshokutwa. Leo njoo."

Nikamwambia nakuja.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Twende," akasema. "Twende baba, ngoja nivae viatu tu. Nitawaambia watu nimeugua mimi."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapoomba mnitukane mkitaka. Mama hakuwa mwenye kosa hapa. Yeye alikuwa tayari kutoka na nguo ya jikoni. Aliyekataa ni mimi.

Nilimfikiria Rudaina amekaa kwao na gauni jeupe, amepakwa hina, majirani wamejaa, wanasikiliza honi. Na honi hazisikiki. Bibi harusi aliyevalishwa akaachwa hasahauliki vijijini kwetu. Wajukuu zake wataulizwa habari hiyo. Nikamfikiria Mashhur pale kwenye kiti chake. Nikajiambia: hospitali iko njiani. Tukitoka kwao tunarudi kwetu, kuna njia panda, ukikata kushoto umefika. Nitamchukua Rudaina. Garini nitamwambia kila kitu. Tukifika njia panda, Kutaiba atakata kushoto. Atakayetaka kukasirika akasirikie mbele ya daktari.

Ilionekana akili nzuri. Hofu ikikushika, kila unachofikiri huonekana akili nzuri.

"Nipe vidonge," nikamwambia mama. Nikameza viwili kwa maji, bila tende, ingawa najua dawa ile huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Mama akanifunga vifungo mwenyewe, mpaka shingoni.

Msafara ukaondoka na honi zake. Mama alikuwa gari la nyuma na wanawake. Nilipogeuka kumtazama hakuwa anaimba.

Kwa akina Rudaina nililetewa kahawa chungu. Nikainywa kwa pumzi fupi fupi, baba yake akadhani ni haya, akanipapasa goti. "Usiogope, mwanangu. Anauma kidogo tu," akasema, wazee wakacheka. Nikapandishwa ngazi za nje kwenda kumpokea. Ngazi za watu wengine huhesabiwa kwa macho. Mimi nilizihesabu kwa pumzi, na katikati nikasimama, nikajifanya natengeneza kilemba.

Mashhur, aliyekuwa ametutangulia kurudi kwao, akatoka na dada yake, amemfunika joho lake jeusi mabegani kama ilivyo desturi. Akamshika mkono akauweka ndani ya wangu. Halafu akaniinamia.

"Shemeji, sisi wanaume wa nyumba hii hatukuwahi kumkosea huyu," akasema taratibu. "Tumekupa akiwa mzima. Mrudishe mzima kila akija kutusalimu."

Alikuwa anamsema yeye. Mimi nilisikia ananisema mimi.

Tukaingia garini. Kutaiba mbele, sisi wawili nyuma, Rudaina upande wangu wa kulia. Honi zikaanza tena, na nyuma yetu gari la kwanza lilikuwa la Mashhur.

Rudaina alikuwa anatazama mbele, ananukia manukato yale yale aliyonitumia baba yake. Tulipotoka kijijini kwao akaniinamia.

"Saa iko wapi?"

"Nimeivua."

"Afadhali. Nilikuwa naionea wivu. Kila nikikaribia kukwambia la maana unaishika."

Kutaiba akachungulia kwenye kioo.

"Bibi harusi, huyu ana siri nyingi. Mimi mwenyewe leo nimegundua ana ngozi laini."

"Wewe endesha," Rudaina akasema. "Nimesikia uliyoyafanya. Mashhur amenipigia simu. Eti karibu uniulie mume kwa pini."

"Alipona haraka. Damu nzuri."

"Nionyeshe," akaniambia, akanigusa chini ya taya kwa ncha ya kidole. "Pole. Umeumia?"

Hapo ndipo pa kusema. Sauti yake laini, uso wake karibu, gari linakwenda, baba yake hayupo, kaka yake yuko nyuma ya kioo. Ningeanza hata na neno moja.

"Rudaina," nikasema.

"Naam."

"Kuna jambo."

"Liseme."

Nikatazama kisogo cha Kutaiba. Nikajiambia, nitasema tukipita kinu cha zeituni. Tukakipita. Nikajiambia, tukipita kituo cha mafuta, watoto wanaopunga mikono wakiisha. Watoto wakaisha. Kifua kilikuwa kinanibana sasa, na nilikuwa navuta pumzi kwa mdomo, na nilijua kwamba si harusi.

"Unatisha," Rudaina akasema, lakini anacheka. "Una mke mwingine?"

"Hapana."

"Una deni?"

"Hapana."

"Basi nini? Hakuna kitu kinachonishinda mimi, isipokuwa uongo. Nilimwambia baba, akija kipofu nitamwongoza, lakini akinidanganya narudi."

Wallahi, aliyasema hivyo hivyo, huku anajitengeneza shela.

Mbele nikaona kibao cha njia panda, na mshale wa hospitali. Nikaona sina tena cha kusubiri. Atarudi kwao akitaka kurudi. Afadhali mimi niende kaburini au yeye arudi kwao, lakini nitakuwa nimesema. Nikamgeukia. Nilikuwa nimeyapanga maneno, mafupi kabisa: Rudaina, nina kilango cha chuma moyoni, nilikudanganya, nipelekeni hospitali.

Nikafungua mdomo.

Kilichotoka sikukijua. Zilikuwa sauti, zimelala moja juu ya nyingine, kama mtu anayeongea na maji mdomoni.

Rudaina akacheka.

"Nini?"

Nikajaribu tena. Ulimi ulikuwepo, nilihisi uzito wake, lakini haukuwa wangu. Maneno niliyaona kichwani yamejipanga, na hakuna lililokubali kutoka.

"Bwana harusi kameza ulimi!" Kutaiba akasema, akafurahi, akaongeza muziki. "Mashhur kamtisha huyu."

Nikataka kunyoosha mkono nimwonyeshe kibao. Mkono wa kulia, ule uliokuwa umeshika wa Rudaina. Niliuamuru. Nikautazama. Ulikuwa umelala pale juu ya gauni jeupe, vidole wazi, na mkono wa Rudaina ukateleza ukatoka ndani yake.

Akautazama na yeye. Akauchukua tena, akaubana, akangoja niubane. Akaacha kucheka.

"Mbona umelegea?" akasema. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwake, akanitazama mdomo, upande mmoja, halafu upande wa pili. "Wasfi. Wasfi, nitazame. Hebu taja jina langu."

Nyuma yetu Mashhur alipiga honi ndefu, ya furaha.

Jina lake nililijua. Nimelala nalo, nimedanganya kwa ajili yake. Nikalitafuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, huku yeye amenikazia macho na kunisubiri, na Kutaiba akaimba kiitikio, akaongeza mwendo, akaipita njia panda.